TV na simu chumba kimoja, na bado hazionani

Shangazi alikuwa ameshakaa kitako, miguu juu ya kigoda, tasbihi mkononi, anasubiri tarawehe za Makka. Saa za kule na za Unguja ni zilezile, na tangu magoti yamzuie kwenda msikitini, hiyo ndiyo Ramadhani yake: akimaliza sala zake anageukia TV. Mimi nilikuwa juu napiga pasi kanzu za watoto. Aliponiita nikashuka na simu mkononi, nikafungua matangazo, picha ikaja safi, Haram nzima imeng'aa kiganjani mwangu. Nikagusa alama ya kurusha kwenye TV.

"Hakuna kifaa kilichopatikana."

TV yenyewe iko hatua mbili mbele yangu, inawaka, na pembeni inaonyesha kuwa imeungwa na waifai.

"Bando limekwisha, mwanangu?"

"Halijaisha, Shangazi. Intaneti ipo. Ila hivi viwili havionani."

"Vimo chumba kimoja, vipi havionani?"

Nikampa simu aangalie humo humo. Aliishikilia karibu na uso mpaka mkono ukamchoka. Swali lake nililala nalo, na wiki zilizofuata lilinirudia kila nilipoingia ukumbini, kwa sababu tatizo lenyewe halikuwa na msimamo. Usiku mwingine mambo shwari, usiku mwingine hayaendi. Mtoto wa kaka yangu akiingia kutoka nje anarusha mara moja, mimi mwenye simu mpya kuliko yake nakataliwa.

Kitu kikifa kabisa unakibadilisha, unalala. Kinachokunyima usingizi ni kile kinachofanya kazi leo na kugoma kesho bila mtu kukigusa.

## Bando halina kosa

Hapa mjini picha ikiganda tu, neno la kwanza ni "mtandao umekata". Kinachofuata ni kununua bando jingine, halafu kuilaumu kampuni, halafu kumwita fundi. Nimewaona majirani na jamaa zangu wakitoa pesa kutibu pasipouma, na ndiyo sababu naandika.

Nyumbani kuna safari mbili. Ya kwanza ni kutoka ulimwenguni mpaka kwenye ruta yako, kile kisanduku kinachogawa waifai: hiyo ndiyo unayoilipia bando. Ya pili ni kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu, TV, spika na kila kilichounganishwa humo ndani. Hiyo huilipii mtu yeyote, na hakuna kampuni itakayokuja kuitazama. Kwa vifaa vingi, hata ukichomoa waya wa nje kabisa, simu bado itaikuta TV kwenye orodha yake, kwa sababu kuonana kwao hakupiti nje ya nyumba.

Picha ikija safi kwenye simu na TV isionekane, safari ya kwanza imeshajibu kuwa ni nzima. Unaposema "mtandao" bila kutenganisha safari hizi, utatafuta usiku kucha.

Na hiyo safari ya pili nayo ina sura mbili ambazo watu wengi tunazichanganya. Kuna kurusha, na kuna kuakisi kioo cha simu. Unapoakisi, kila kinachoonekana kwenye simu kinasafiri kutoka kwenye simu mpaka kwenye TV. Miracast, iliyoanza mwaka 2012, inafanya hivyo, na simu huongea na TV ana kwa ana. Unaporusha, kwa njia ya Chromecast iliyotoka mwaka 2013, simu huiambia TV tu: nenda mahali fulani ukachukue kitu fulani. Baada ya hapo TV inajichukulia yenyewe kwenye intaneti. Unaweza kutoka na simu yako ukaenda Darajani kununua mkate, na tarawehe zikaendelea ukumbini.

Faida ya kulijua hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Kama TV haionekani kabisa, angalia kati ya simu na TV. Kama imeonekana, ikaanza, halafu picha ikawa inasita, acha kuisumbua simu. Simu imeshamaliza kazi yake. Angalia kati ya TV na ruta.

Sisi tulikuwa na maradhi yote mawili kwa pamoja.

## Hodi inayoishia mlangoni

Simu haijui TV iko wapi. Unapogusa ile alama, inapiga hodi: inatuma ujumbe kwenye anwani moja maalumu, 224.0.0.251, ambayo vifaa vyote vya namna hiyo vinaisikiliza, kuuliza nani hapa anaweza kuonyesha picha. Kilichopo kinaitika na kutaja jina lake. Hodi hii imewekewa mpaka makusudi. Haivuki kwenda mtandao mwingine, na ruta imefundishwa isiipitishe. Kama mwenyeji yumo nyumba ya pili, hata kama nyumba hizo zimeshikana ukuta, hataitika, kwa sababu haikumfikia.

Nililijua hili na bado sikuona linanihusu. Nyumba yetu ina jina moja la waifai na neno siri moja. Mitandao miwili itoke wapi?

Kwa hiyo nikashuku mengine. Nikaishuku TV kwa uzee wake. Nikaizima simu na kuiwasha. Nikaangalia kama VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye njia yake ya siri, imewashwa, maana ikiwashwa simu huweza kuacha kuona vifaa vya humo ndani. Nikaangalia ruhusa, kwa kuwa simu za siku hizi haziachii programu ipekue vifaa vya karibu bila idhini yako. iPhone zilianza kuuliza hivyo mwaka 2020. Kote shwari.

Kilichonifungua macho ni nguo za kupiga pasi. Usiku mmoja nilikuwa tayari chini, nimetoka nje na mtoto wa kaka yangu, na simu yangu ikaiona TV bila shida. Kesho yake nilikuwa juu, nikashuka, ikagoma. Nikaanza kuliona: tatizo halikuhusu simu ya nani. Lilihusu mtu ametokea wapi.

Nikafungua mipangilio ya simu nikaitazama anwani yake, ile namba ambayo ruta hukipa kila kifaa: 192.168.8.23.

Nikaenda kwenye TV: 192.168.1.14.

Tazama hiyo namba ya tatu. Nane na moja. Kwa ruta za nyumbani, namba hiyo ikitofautiana, karibu kila mara ni mitandao miwili.

Miezi ya nyuma tulimwomba kijana atuletee waifai ghorofani. Akaweka ruta ya pili juu, akavuta kebo kwenye ngazi mpaka ile ya chini, akaipa jina lilelile na neno siri lilelile ili tusihangaike. Nia njema kabisa, na juu kukawa na intaneti kama tulivyotaka. Lakini ruta ile ya pili aliiacha ikigawa anwani zake yenyewe, kwa hiyo akatujengea mtandao ndani ya mtandao. Simu ikiwa juu inashikana na ya juu. Ukishuka nayo haiachii upesi. Simu hung'ang'ania ilichokishika mpaka mawimbi yadhoofike sana, na kwenye uwazi wa ngazi zetu hayadhoofiki kiasi hicho. Nilikuwa nimesimama mbele ya TV huku simu yangu bado ni mkaazi wa ghorofani.

Dawa yake haikuhitaji kununua kitu. Kwenye ruta ya juu nilizima ugawaji wa anwani, nikaipa anwani inayoendana na ya chini, 192.168.1.2, halafu ile kebo nikaihamisha kutoka kwenye tundu la intaneti na kuichomeka kwenye moja ya matundu ya kawaida. Ruta nyingi pia zina chaguo la kuzigeuza kituo cha waifai tu, nalo linafanya yote hayo kwa mguso mmoja. Sasa anayegawa anwani ni mmoja, na hodi inasikika nyumba nzima.

## Ukuta

TV ikaonekana. Tarawehe zikaanza, na picha ikasita.

Hapa ndipo ilipobidi niiangalie nyumba yenyewe. Mnaoishi Mji Mkongwe mnajua kuta zetu: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene nusu mita na zaidi. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kwa hiyo ukitoka mbele kwenda nyuma, ndani ya hatua chache umeshavuka kuta mbili. Na kuta hizi zilijengwa hivyo kwa sababu. Joto libaki nje. Sauti ya ukumbini isifike kwenye baraza. Mpita njia asijue ndani kuna nani. Ukuta ulikuwa sitara, na kazi hiyo bado unaifanya kwa uaminifu.

Nikapakua programu ya bure inayopima nguvu ya waifai na kuzunguka nayo. Inapima kwa desibeli zenye alama ya kutoa: ikikaribia sifuri ni nzuri, ikishuka ni mbaya, na kila ukipungua desibeli kumi umebaki na sehemu moja ya kumi ya ulichokuwa nacho. Chumba cha mbele, karibu na ruta, ilikuwa kutoa 42. Nilipoipeleka nyuma ya TV, ukuta mmoja tu katikati, ikawa kutoa 74. Zaidi ya desibeli thelathini zimeliwa, maana yake nguvu iliyobaki ni chini ya sehemu moja kwa elfu. Kwa picha nzuri isiyosita mtu hutaka angalau kutoa 67.

Hiyo ni kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo mavumilivu. Nilipojaribu gigahezi 5, ambayo kila tangazo la ruta linaisifia kwa kasi, nyuma ya ukuta ule haikubaki kitu cha maana. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyozidi kushindwa na vitu vigumu, na unyevu unaongeza. Ukuta wa chokaa wakati wa masika umekunywa maji, na maji yanayala mawimbi haya. Mtu wa nyumba ya matofali membamba au mbao anaweza kufuata ushauri wa "tumia tano tu" akafaidi. Kwetu, tano ni ya chumba kimoja.

Nilifikiria kununua ruta yenye antena nyingi. Nikaja kuona kuwa nabishana na jiwe. Mawimbi hayakuhitaji kuvuka ukuta. Yalihitaji njia, na njia ipo. Ni mlango. Ruta ilikuwa imewekwa chini, nyuma ya kabati, kwa sababu ndipo waya wa nje ulipoingilia na ndipo isipoonekana na wageni. Nikaipandisha juu ya rafu, usawa wa kizingiti, mahali ambapo ukisimama unaiona TV kwa mbali kupitia mlango ulio wazi. Kutoka kutoa 74 ikawa kutoa 58.

Jambo moja zaidi kuhusu majirani. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli, yaani vijia ndani ya masafa hayo, zinazokaa bila kukanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Nyumba za wageni zimetuzunguka, na karibu zote zilikuwa zimelundikana kwenye 6. Sisi tukahamia 1, upana wa megahezi 20. Usichague 3 au 4 ukidhani umepata nafasi tupu katikati. Unawakanyaga wa pande zote mbili nao wanakukanyaga. Na tanuri la maikrowevu nalo linafanya kazi karibu na gigahezi 2.45, kwa hiyo likiwa karibu na TV na mtu akipasha futari, usishangae.

## Umeme ukirudi

Kuna kundi la tatu la malalamiko, na hili ni letu hasa. "Ilikuwa sawa mpaka umeme ulipokatika."

Sisi watu wa visiwani umeme tunauheshimu. Tuliokuwepo tunakumbuka giza la 2008, na lile refu zaidi, kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya chini ya bahari kutoka Bara ilipotuacha. Siku hizi ni kukatika kwa muda mfupi, na muda mfupi una madhara yake ambayo hayasemwi.

Umeme unaporudi, vifaa haviamki pamoja. TV au kile kidude cha kuchomeka nyuma yake kinaweza kuwa tayari kabla ruta haijamaliza kuwaka, na ruta huchukua dakika moja au mbili. TV inaomba anwani, hakuna wa kuigawia, inakata tamaa. Vifaa vingi vikikosa hujitungia anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona namba hiyo kwenye TV, usitafute jingine: haikupewa anwani. Zima TV, subiri taa za ruta zitulie, iwashe tena.

Au inapewa anwani, ila si ile ya jana, na programu kwenye simu bado inaitafuta kwa ya jana. Kwa hilo, ruta nyingi hukuruhusu kukiwekea kifaa anwani yake ya kudumu. Niliifanyia TV ya Shangazi hivyo.

Tena nikaandika kwenye karatasi: ruta ya chini anwani gani, ya juu anwani gani, TV ipi, chaneli ipi. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Fundi aliyekuja kuweka ruta ya pili hakuacha hata mstari mmoja, na kama angeacha, ningeimaliza kazi hii kabla ya futari. Ukimlipa mtu kukuwekea waifai, mwambie arushe picha kutoka kila chumba mbele yako, halafu akuachie karatasi kabla hajaondoka.

## Nani aruhusiwe kupiga hodi

Lililonisumbua zaidi mwishoni halikuwa la ufundi.

Ruta nyingi zina chaguo la kutenganisha vifaa: kila kilichoungwa kinaiona intaneti, lakini hakioni kingine. Mtandao wa wageni kwa kawaida unakuja hivyo. Mtu mwenye nyumba ya kulala wageni ni lazima auwashe, la sivyo mgeni wa chumba kimoja ataziona TV za vyumba vyote. Lakini ukiuwasha nyumbani, simu na TV zitagoma kuonana milele, hata ukuta usipokuwepo. Rafiki yangu wa Kikwajuni alihangaika na hilo hilo: simu zote zimo kwenye mtandao wa wageni, kwa kuwa ndio aliopewa neno lake.

Hapo utasema, basi tuzime utenganisho. Kwetu ulikuwa umezimwa tayari. Siku chache baadaye, Shangazi yuko katikati ya kisomo, TV ikageuka yenyewe ikaonyesha mpira. Mtoto wa jirani, ambaye tulimpa neno siri ili afanyie kazi za skuli, alikuwa anarusha kwao akakosea jina. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuja na mama yake kuomba radhi, na Shangazi akamwambia, "Hapana neno mwanangu, nani alishinda?"

Lakini mimi nilikereka, na kukereka kwenyewe kukanipa mawazo. Neno siri la waifai tunaligawa kama tunavyogawa maji ya kunywa, na sioni vibaya. Jirani ni jirani. Tatizo ni kuwa neno hilo moja linafungua mambo mawili tofauti. Linampa mtu njia ya kutoka kwenda ulimwenguni, ambayo ninamtakia. Linampa pia ukumbi wetu, ambao hata nje ya waifai haingii mtu bila kuitikiwa.

Nimeamua kuyatenga. Mtandao wa wageni umewashwa, una neno lake, vifaa vyake havionani, na kila jirani anao. Mtandao wa nyumbani una neno jipya, nimeliingiza mwenyewe kwenye kila simu ya nyumba, na nimewaambia watoto wasilitaje barazani. Kaka aliona ni ubahili. Tulibishana. Nikamwuliza kama mlango wa mbele anauacha wazi usiku. Akasema hayo ni mengine. Kwangu ni yaleyale.

Bado hatujaelewana kuhusu chumba chake cha nyuma, juu. Kule waifai inafika kwa kusuasua na TV yake inasita kila jioni. Yeye anataka tutoboe ukuta, tupitishe kebo, tuzibe na saruji, tumalize. Kebo ndiyo jibu, sipingi. Hakuna waifai inayoishinda kebo. Ninachopinga ni saruji. Saruji kwenye ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, na baada ya masika chache lipu inaanza kumeguka. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mamlaka ya uhifadhi nayo ina lake la kusema. Nimepima: kebo ikifuata ngazi, ikapita juu ya vizingiti vya milango miwili na kuambaa na waya za umeme bila kubanana nazo, inafika kwa kama mita 28, bila tundu hata moja. Yeye anasema itaonekana mbaya. Nimemwambia nitanunua nyeupe, na misumari ni juu yangu.